Waya Katika Mstari wa Tisa

Wakosaji ni watatu, nami nitawataja kwa kazi zao, maana majina yao yanajulikana kuanzia Sepuka mpaka stendi ya Singida mjini na hayahitaji kalamu yangu. Wa kwanza ni meneja wa kiwanda cha kukamua alizeti nilichokifanyia kazi ujana wangu wote. Wa pili ni fundi mkuu. Wa tatu ni karani wa kompyuta, yule kijana wa suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata. Kila mmoja alifanya chake, na shemeji yangu, mume wa dada yangu, akazikwa na lawama yao wote.

Boila ilipasuka asubuhi, chai bado iko vikombeni. Shemeji ndiye alikuwa mwendeshaji wake. Alikufa palepale. Nyuma ya ukuta alikuwepo mama mmoja wa Mgori akifagia mashudu. Yeye alikufa siku ya tatu. Mimi niliungua mkono wa kulia na upande wa shingo, nikabaki. Watu husema nilibahatika. Hao hawana ngozi inayokaza kila jua likipanda.

Nilipokuwa wodini, meneja na fundi mkuu walikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Fundi mkuu akanisomea, maana mimi niliishia darasa la nne na macho yangu siku ile yalikuwa yamevimba. Ilisema shemeji alisinzia, maji yakaisha ndani ya boila, ikapasuka.

"Weka dole gumba hapa," meneja akasema.

"Mkono umefungwa bandeji."

"Wa kushoto unatosha," akasema fundi mkuu. "Na kazi yako ipo, ukipona."

Nikaweka.

Sasa ni miaka kumi na miwili. Dole lile halijawahi kunipa usingizi mzuri, lakini nilikuwa nimezoea, kama mtu anavyozoea kokoto kwenye kiatu. Kilichoniamsha ni binti wa dada. Alipata mchumba, kijana mpole, fundi cherehani. Tukapokea posa, tukafurahi. Wiki mbili baadaye mshenga akarudi bila kukaa kitako. Kijana, kumbe, ni mtoto wa yule mama aliyekuwa akifagia mashudu. Baba yake alipojua ukoo wa binti alisema neno moja tu: hawezi kuoza mwanawe kwenye nyumba ya mtu aliyesinzia mpaka mama wa kijana akaungua. Damu iko katikati.

Dada hakulia. Aliendelea kuchambua mboga. Binti ndiye aliyeacha kula.

Nilimfuata mshenga njiani nikamwambia kwamba shemeji hakusinzia, kwamba karatasi ile ilikuwa ya uongo. Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi wa kuuzwa.

"Wewe si ndiye uliyeweka dole?"

"Ni mimi."

"Ulisema hivyo ukiwa na vidonda vibichi. Leo vimepona unasema vingine. Mzee atauliza, umepewa nini?"

Hapo nilielewa kwamba mdomo wangu umeshatumika. Palihitajika kitu kingine kiseme.

Kiwandani palikuwa na desturi. Mwendeshaji wa mashine yoyote, kabla ya kuwasha, alipita dirishani kwa karani akataja ubovu aliouona jana yake, karani akauandika kwenye kompyuta. Hatukujaza fomu, wengi wetu kalamu ilitushinda. Ulisema kwa mdomo, ukasikia vidole vikipiga kibodi, ukaenda zako. Tuliita kitabu cha matengenezo ingawa hakikuwa kitabu. Na mimi nilikuwa nyuma ya shemeji kwenye foleni ile siku aliposema valvu ya usalama inavuja. Nilisikia kwa masikio yangu, nikasikia na vidole vikipiga.

Lakini wakaguzi walipokuja baada ya ajali, karani aliwatolea orodha iliyochapwa: jina la mashine, tarehe iliyonunuliwa, nani aliiuza. Ubovu haukuwemo hata neno. Kila mtu akajua umefutwa.

Nilikuwa nimeshakata tamaa nao. Ila mwezi ule ule wa mshenga, nilisikia kiwanda kimeuzwa na kila chuma kitapimwa kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu. Na kompyuta pia. Sikuweza kukaa. Nilizunguka mjini siku nzima bila shughuli, nikajikuta mbele ya duka la misumari na rangi, la familia moja ya siku nyingi pale mjini. Ndani alikuwa amekaa dada wa mwenye duka, mama mtu mzima aliyekuwa karani wetu wa kwanza wa kompyuta kabla ya yule kijana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Au ni shingo hiyo inayokuvuta?"

Ndivyo alivyo. Nikamweleza. Alisikiliza huku akipima misumari ya mteja. Nilipofika kwenye orodha isiyo na ubovu, akaacha kupima.

"Nani amekwambia umefutwa?"

"Haumo kwenye orodha."

"Kutokuwemo kwenye orodha na kufutwa ni vitu viwili. Yule kijana nilimfundisha mimi kabla sijastaafu. Nilimfundisha kila kitu isipokuwa kufuta. Kufuta kwenyewe hajui."

Kesho yake tulikwenda kiwandani; mlinzi wake tulifanya naye kazi zamani. Alitufungulia akasema ana shida na lori la vyuma tu, litakalokuja siku ya nne. Kabla ya hapo tunaweza kukaa humo tukazaa watoto. Mama karani akamwambia kwa umri wetu tutazaa wajukuu moja kwa moja. Tukaingia.

Nilidhani nitaona kompyuta kama hizi za stationery, zenye picha na kile kipanya. Hii ilikuwa sanduku la rangi ya maziwa yaliyochacha, kubwa kama kabati la vyombo, na kioo kidogo cheusi chenye herufi za kijani. Ilikuwa ikitumika mpaka mwaka jana kwa hesabu za maghala, ndiyo maana ilikuwa hai. Ilipoamka ilinguruma kama jiwe la kusagia, halafu ikatoa alama moja kioo kizima, ikanyamaza.

"Inasubiri nini?"

"Inakusubiri wewe uiulize."

Mfumo wake, alinieleza, ulitungwa Marekani miaka mingi iliyopita, na una jina la mtu mmoja wa waliouanzisha. Majina sitaji humu, na lake halimo katika shauri hili. Akasema kwenye kompyuta za leo, mfumo ni nyumba, na kumbukumbu zako ni mizigo unayoiingiza ndani yake. Hii sivyo. Hii nyumba yenyewe ndiyo ghala. Ilijengwa kwa ajili ya kutunza kumbukumbu, na haijui kazi nyingine. Huiambii ifungue kitu kwanza. Unaiandikia kama unavyomwagiza mtu stoo: niorodheshee mashine, zilizo za chumba cha boila, zipange kwa tarehe. Kwa Kiingereza cha maneno matano sita. Nayo inajibu.

Nilijaribu mwenyewe, kwa kidole kimoja cha kushoto. Nilikosea herufi, ikanikatalia. Nikakosea tena.

"Taratibu," mama karani akasema. "Haina hasira. Wewe ndiye mwenye hasira."

Kweli nilikuwa nayo. Nilikuwa nasimama kila dakika kwenda dirishani kutazama kama lori limewahi. Siku ya kwanza ikaisha tukiwa tumepata orodha ileile ya karani: jina, tarehe, muuzaji. Nilirudi nyumbani nikampita dada uani bila kumwambia nilikotoka. Aliniwekea chakula. Nilikula nimesimama.

Siku ya pili nilimkuta mama karani amekuja na daftari lake la zamani. Akaniambia nikae, kwa sauti ya mwalimu.

"Kila faili humu lina sehemu mbili. Moja ni vitu vyenyewe. Ya pili inaitwa kamusi. Kamusi inasema: mstari wa kwanza tuuite jina, mstari wa pili tuuite tarehe, wa tisa tuuite ubovu. Ukiiagiza ikupe ubovu, inakwenda kwanza kwenye kamusi kuuliza, ubovu ni mstari upi? Ikiambiwa wa tisa, inakuletea. Sasa neno ubovu likiondolewa kwenye kamusi?"

"Ubovu umepotea."

"Umesema kama yule kijana."

Nilitoka nikazunguka ua, mpaka nyuma ulipokuwa ukuta wa boila. Mawazo yakanipeleka kwa mama yangu. Mama yangu hakumtaja baba mkwe wake kwa jina mpaka anakufa. Kwetu mke hamtaji mkwe. Kama jina la mzee lilifanana na jina la kitu, hata kitu hicho alikitafutia jina lingine. Mgeni angeweza kukaa na mama mwezi mzima asisikie jina la babu. Lakini babu alikuwepo, anakaa kwenye kigoda chake, anakohoa, anadai uji.

Nikarudi mbio.

"Hawajaua mtu," nikasema. "Wameacha kumtaja tu."

Mama karani akanitazama juu ya miwani. "Na darasa lako la nne," akasema. "Yule alikuwa na cheti cha Dodoma."

Hilo ndilo kosa la karani. Alitoka kozi ya kompyuta mpya, za jedwali, ambako ukifuta safu, na vilivyomo vinakwenda nayo. Meneja alipomwamuru aondoe ubovu, akaingia kwenye kamusi, akafuta neno, akaagiza orodha, hakuliona, akapumua. Akawaletea wakaguzi karatasi na moyo mweupe. Miaka kumi na miwili mstari wa tisa ulikuwa umekaa kwenye kigoda chake, unakohoa, hakuna aliyejua kuuita.

"Basi turudishe neno kwenye kamusi," nikasema.

"Hapana. Tukirudisha, watasema tumeongeza mambo yetu. Tutafungua kitu chenyewe, bila kamusi, kama kilivyolala. Kesho. Leo macho yangu yamechoka."

Nilitaka kumlazimisha. Nilimwambia lori litawahi, mlinzi atabadilika, umeme utakatika. Akachukua mkoba wake.

"Baba, imekaa miaka kumi na miwili. Haitakimbia usiku mmoja. Wewe je, utakimbia?"

Siku ya tatu umeme ulikatika kweli, ukarudi saa nane mchana. Nilikuwa nimetembea ua ule mpaka mlinzi akaniuliza kama nalipwa kwa hatua. Mama karani aliketi, akaandika amri fupi, jina la faili, na namba ya boila. Mistari ikajipanga kioo kizima, kila mmoja na namba yake pembeni, haina vichwa, haina maelezo. Wa tisa ulikuwa mrefu kuliko yote. Alinieleza kwamba mfumo huu haukupimii nafasi ya kuandika. Mstari unarefuka kadiri ya maneno, na mstari mmoja unaweza kubeba taarifa nyingi, zikitengwa kwa alama kama mabano ya pembe. Akanionyesha kwa kalamu.

Taarifa ya kwanza: valvu ya usalama inavuja. Ya pili: valvu bado, boila isiwashwe. Ya tatu: valvu imefungwa waya, amri ya F.M.

"F.M. ni fundi mkuu," akasema. "Alikuwa anapenda kila kazi yake iandikwe, ili aonekane. Sasa ameonekana."

Nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, kicheko kibaya. Valvu ya usalama ikifungwa waya, mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Hapo hata shemeji angekuwa na macho manne, boila ingepasuka.

Mstari wa kumi ulikuwa na namba tatu kubwa. Nikauliza ni nini.

"Tarehe. Mashine hii haiandiki mwezi wala mwaka. Inahesabu siku tu, tangu siku moja ya zamani kabla hujazaliwa. Kila siku ni namba yake."

Namba ya kwanza iliishia na sita, ya mwisho iliishia na tisa. Akatafuta kumbukumbu ya siku ya ajali. Ilikuwepo, na namba yake, nyingine zote zikiwa zilezile, iliishia na kumi na mbili. Sikuhitaji kalenda. Kutoa nilijifunza darasa la pili. Siku sita kabla ya ajali shemeji alikuwa amepita dirishani kusema. Siku tatu kabla, waya ulikuwa umefungwa.

"Na mstari wa kumi na moja?"

"Namba za wafanyakazi. Nani alitoa taarifa, nani alifanya kazi. Zamani namba hizi zilijibadilisha kuwa majina zenyewe, kamusi ilikuwa inakwenda kwenye faili la wafanyakazi kuyachukua. Kijana amefuta na hilo. Zimebaki namba tupu."

Ishirini na moja. Ishirini na moja. Thelathini na saba.

Ishirini na moja ni shemeji. Alikuwa ameichora kwenye kofia yake.

Thelathini na saba ilikuwa namba yangu.

Sikuwa nimesahau. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimesahau. Fundi mkuu aliniita asubuhi ile akanipa waya na plaizi, akasema kaza mpaka isipumue, ni ya siku mbili tu mpaka spea ije kutoka Dar. Nilipanda ngazi, nikakaza. Shemeji alikuwa zamu ya usiku, hakuniona. Nilimwambia dada, nilimwambia mshenga, nilijiambia mwenyewe kila siku kuhusu meneja, fundi mkuu na karani, na yote ni kweli. Katika kuhesabu kwangu, mkono uliokaza ulikuwa mkono wa fundi mkuu, mimi nilikuwa nimemwazima tu.

Mama karani hakuniuliza kitu. Alikuwa ameona nimeacha kusimama kwenda dirishani.

"Nichape?" akasema.

"Chapa."

"Mistari yote?"

Printa ilikuwa ya zamani, ya sindano, karatasi zenye matundu pembeni. Angeweza kuchapa mstari wa tisa na wa kumi peke yake. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi.

"Hata ukichapa yote," akasema polepole, "ni namba tu. Hakuna jina. Wale wa Mgori wanataka kujua habari ya valvu."

"Chapa yote."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kwa sababu nilikwisha kuona karatasi iliyopunguzwa ilivyotufanya.

Tulikwenda Mgori Jumapili, baada ya ibada: dada, mshenga, mama karani aliyekubali kuja kuthibitisha, na mimi. Baba wa kijana alitupokea vizuri, viti vikatolewa. Ni mzee mnyamavu, mfuga nyuki. Kijana wake alikaa mlangoni, hakumtazama mtu. Mama karani akaeleza mashine ilivyo, kwa maneno mafupi, habari ya kamusi na vitu vyenyewe. Akaeleza namba za siku. Mzee akataka asomewe mstari wa tisa mara mbili. Mara ya pili alifumba macho.

"Kwa hiyo mwendeshaji alisema," akasema.

"Alisema mara mbili, baba," akajibu mama karani. "Ya pili alisema isiwashwe kabisa."

"Na alirudi kazini."

"Angefanyaje?" dada akasema. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake pale. "Alikuwa na watoto wanne."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akavuta karatasi, akaiweka gotini. Hakujua kusoma sana, lakini namba alizijua. Kidole chake kikashuka mpaka mstari wa kumi na moja.

"Ishirini na moja ni nani?"

"Ni marehemu mume wangu," dada akasema.

"Na hii thelathini na saba? Aliyefunga waya?"

Mshenga akakohoa. Akasema hilo si la leo, amri ilikuwa ya fundi mkuu, imeandikwa hapo. Mama karani akatazama mikono yake. Mzee hakumjibu mshenga. Alikuwa anaisubiri karatasi imjibu, na karatasi haina majina.

"Ni mimi," nikasema.

Kuku walikuwa wanaparua nyuma ya jiko. Mzee akaondoa kidole kwenye karatasi.

"Kwa mkono upi?"

Nikamwonyesha huu wa kulia, wenye ngozi iliyokunjamana. Akautazama, hakuugusa.

"Na ulijua ni nini unafunga?"

"Nilijua ni valvu. Sikutaka kujua zaidi."

Akaikunja karatasi, akampa dada, si mimi.

"Binti aje," akasema. "Baba yake hana kosa na mimi. Nilimsema vibaya miaka yote hii, nitakwenda kaburini kwake nimwambie." Halafu bila kupandisha sauti: "Wewe, harusini usije. Hasira zangu kwako bado ni mpya, za kwake ndizo za zamani."

Njiani dada alitangulia. Ana mwendo wa haraka, siku zote alikuwa nao. Nilimwita, hakugeuka, mpaka tulipofika penye mteremko ndipo aliposimama, akasema akitazama mbele:

"Miaka yote hii nakupikia."

Akaendelea.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Nilisikia ngoma kutoka ng'ambo ya mashamba na nikajua nani anapiga. Lori la vyuma lilikuja kweli, likachukua boila iliyobaki, mashine za kukamua, na lile sanduku la rangi ya maziwa. Mlinzi anasema waliligongagonga kwa nyundo kutoa shaba. Meneja yuko Dar, ana maduka. Fundi mkuu ni mzee wa kanisa. Karani amepata kazi ofisini, kompyuta yake sasa ina picha. Nawataja bado, wala sijawasamehe. Ila nikianza kuwahesabu kwa vidole, nafika cha nne.

Nilikwenda kwa dada juzi kumwomba ile karatasi nikaitoe nakala. Alikuwa anapepeta mtama. Hakunikaribisha kiti, lakini hakunifukuza pia.

"Ya nini?" akasema. "Wewe si unaijua kwa kichwa."